Mwamba na Mawe: Sifa za Udongo wa Mlima wa Volkeno

Mwalimu afundishaye mfano wa mpanzi katika nchi ya Uchagga hukutana na shida asiyoipata mwenzake wa pwani. Watoto walio mbele yake wameyaona mawe tangu kuzaliwa. Mawe yamo katika migomba ya baba zao, yamo kando ya njia, yamo hata chini ya mibuni. Na migomba hiyo imestawi. Basi wasikiapo ya kuwa mbegu iliyoanguka penye mawe ilinyauka, hustaajabu, kwa maana kwao mbegu huanguka penye mawe ikazaa. Shida hii ni ya lugha, nayo ni ya ardhi pia. Asiyepambanua mwamba na mawe hukosea darasani, kisha hukosea katika shamba la shule.

Na tuanze na maneno. Mwamba ni jiwe lililo moja na nchi, lisiloweza kuinuliwa. Na kwa watu wa pwani ni hasa ule mwamba wa matumbawe uliomo baharini, ambao mawimbi huvunjikia. Jiwe ni kipande kilichotengwa na mwamba. Kilicho kidogo zaidi ni kokoto, na changarawe ni kokoto ndogo zilizochanganyika na mchanga. Udongo hushikamana ukilowa maji, na mchanga haushikamani. Lakini katika sehemu nyingi za Kenya watu huita udongo wote mchanga, na mwalimu aangalie asije akafahamika vingine. Tena, upande wa mashariki wa Unguja, nchi ya matumbawe huitwa maweni, na huko udongo ni haba, umekaa katika mashimo ya mwamba. Basi yule wa Unguja asikiapo habari ya mbegu na mawe huiwaza nchi kavu. Mchagga hukiwaza kihamba chake. Neno ni moja, ardhi ni mbili.

Asili ya ardhi ya Uchagga ni moto. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, umejengwa na volkeno tatu, ndizo Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ilizimika kwanza, na Kibo ndicho kilichoendelea kutoa moto baada ya wenzake. Hata sasa mvuke na harufu ya kiberiti hutoka katika shimo la kileleni, lililopewa jina la mchungaji Richard Reusch wa misioni ya Kilutheri. Volkeno hizo zilimwaga zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka, na kurusha majivu. Zaha ilipopoa ikawa mwamba wa namna nyingi. Bazalti ni jiwe jeusi na zito. Fonoliti limepewa jina lake kwa maneno mawili ya Kiyunani, sauti na jiwe, kwa kuwa vipande vyake vyembamba hulia vikigongwa.

Mwamba huo haukuwa udongo kwa siku moja. Juu sana, kupita mita 4,000, maji huingia katika nyufa mchana, na usiku huganda. Yakiganda hutanuka, na mwamba hupasuka. Vipande huporomoka, na mvua huvisukuma mbele. Ndiyo sababu udongo wa mteremkoni una asili mbili: sehemu yake imetokana na mwamba ulio chini yake, na sehemu imeshuka kutoka juu, pamoja na mawe ya kila ukubwa. Chini zaidi, penye joto na mvua nyingi, jiwe huoza kwa ndani. Baadhi ya madini yake hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, na chuma kilichomo huwa chekundu kama kutu. Kwa hiyo udongo wa sehemu za chini za mlima mara nyingi ni mwekundu, na ule wa juu, wenye baridi na mboji nyingi, ni mweusi.

Sifa za udongo huu ni hizi. Ya kwanza ni mawe yenyewe. Jiwe gumu halinyweshi mzizi wala haliulishi. Ukichimba shimo la ujazo wa lita 100, na lita 40 zikawa mawe, huna udongo ila lita 60, na mmea hauna akiba nyingine. Walakini jiwe lililo juu ya uso wa nchi lina kazi njema: huvunja nguvu ya matone ya mvua, huzuia maji yasikimbie, na huutia kivuli udongo ulio chini yake usikauke upesi.

Ya pili ni wepesi. Majivu ya volkeno yakioza huwa udongo mweusi, laini na mwepesi, ambao wataalamu huuita andosoli, kwa maneno ya Kijapani: an, maana yake -eusi, na do, maana yake udongo. Udongo huo hushika maji mengi ajabu. Lakini ukiachwa wazi juani hata ukakauka kabisa, haurudii upesi hali yake ya kwanza. Huwa vumbi, na upepo na mvua huuchukua.

Ya tatu ni chakula cha mimea. Mwamba wa volkeno una kalsiamu, potasiamu na magnesiamu, navyo hutoka kidogo kidogo kadiri jiwe linavyooza. Fosforasi imo pia, lakini udongo wa majivu huishika kwa nguvu, hata mzizi hupata kidogo tu. Na nitrojeni haitoki katika zaha. Hutoka katika majani yaliyooza, samadi, na mimea ya jamii ya kunde. Basi asemaye kwamba udongo wa volkeno una rutuba ya kudumu hakusema kweli yote. Mlima umetoa sehemu yake, na sehemu iliyobaki hapana budi mkulima aitoe.

Wachagga waliifahamu kazi hiyo kabla ya vitabu. Katika kihamba migomba hutia kivuli mibuni, na juu yake husimama miti mirefu kama mringaringa. Ng'ombe hufungwa nyumbani, majani yao huletwa kutoka nchi ya chini, mara nyingi kichwani mwa wanawake, na samadi hurudi migombani. Mipaka hupandwa masale, ambayo ni alama ya amani pia, na mizizi yake hushika ardhi. Maji ya mfongo huongozwa kuupinda mteremko, yasije yakashuka kwa kasi. Desturi hizi za ardhi na za ukoo alizichunguza mchungaji Bruno Gutmann wa misioni ya Leipzig, akatoa kitabu chake juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926. Na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wenye thamani kwa dunia nzima.

Lakini urithi huweza kupotea. Vihamba hugawanywa kwa warithi hata vikawa vidogo, miti hukatwa, na mahindi hupandwa mahali penye mteremko mkali pasipo kitu cha kufunika nchi. Hapo mvua huchukua kwanza udongo laini, na mawe, kwa kuwa ni mazito, hubaki. Baada ya miaka kadhaa shamba huonekana lina mawe kuliko zamani, kana kwamba yameota. Hayakuota, ni udongo ulioondoka. Na jambo hili likiendelea, ardhi ya mawe huwa ardhi ya mwamba kweli, wala hakuna mtu atakayeirudisha katika maisha yake.

Kwa hiyo mwalimu apewaye shamba la shule mlimani asiwaamuru watoto wayaokote mawe yote na kuyatupa. Kwanza achimbe shimo la kina cha dhiraa moja au mbili. Akikuta mwamba mzima karibu na uso, mahali hapo papandwe majani au miti, pasilimwe. Akikuta udongo unaoendelea chini kati ya mawe, mahali hapo panafaa. Mawe makubwa yapangwe mistari ikatizayo mteremko, na madogo yaachwe. Uso wa nchi ufunikwe kwa majani makavu, na samadi itiwe katika kila shimo la kupandia.

Sasa tuurudie mfano. Mahali palipotajwa, neno la Kiyunani latokana na petra, yaani mwamba. Na Injili yenyewe yaeleza sababu ya kunyauka, kwamba udongo haukuwa na kina. Mbegu iliota upesi katika udongo mwembamba, na jua lilipochomoza ikaungua kwa kukosa mizizi. Wala nchi ile si ngeni kwa Mchagga kama idhaniwavyo. Mfano ulisemwa kando ya bahari ya Galilaya, na ukingoni mwake yako mawe meusi ya bazalti. Nyumba za Kapernaumu zilijengwa kwa mawe hayo. Wasikilizaji wa kwanza waliyajua mawe ya volkeno.

Basi mwalimu aseme mwamba, asiseme mawe. Kisha awachukue watoto nje, awaonyeshe mahali pawili: pale ambapo jembe hugonga mwamba baada ya inchi chache, na pale ambapo mgomba umepitisha mizizi yake kati ya mawe. Watafahamu ya kuwa wingi wa mawe haukuizuia mbegu; kilichoizuia ni kukosa kina. Na watoto waliofahamu hivyo hawatauacha udongo wa baba zao ushuke na mvua mpaka mwamba ubaki mtupu.