Reli Ipite, Lakini Kiswahili Kisiachwe Stesheni

Reli ya kisasa itokayo Nairobi kwenda Naivasha ilifunguliwa Oktoba 2019, baada ya mvutano mkali. Njia iliyoteuliwa ilikata Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, juu ya daraja la kilomita 6 hivi. Watetezi wa wanyamapori walipinga. Wakuu wa reli walijibu kwamba wanyama wangepita chini ya daraja, na kwamba kuizunguka mbuga kungegharimu zaidi. Septemba 2016 jopo la kitaifa la kesi za mazingira liliamuru ujenzi usimame. Hata hivyo, mwaka 2018 nguzo zilianza kuchimbiwa mbugani.

Mengi yamesemwa kuhusu simba na twiga. Mimi, nikiwa mwanaisimu, nauliza: mvutano ule uliendeshwa kwa lugha ya nani?

Kanuni za mazingira za mwaka 2003, zilizotumika wakati huo, zilimtaka mwenye mradi atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, tena aitishe mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu. Maoni ya mdomo yaliandikwa pamoja na tafsiri zake. Ripoti nayo ilihitaji muhtasari mwepesi, lakini kanuni hazikulazimisha uwe wa Kiswahili. Tazama basi, msomaji: maneno ya mwananchi yalitafsiriwa ili ofisi iyaelewe, maneno ya ofisi hayakupewa haki hiyo.

Kuuliza si ujinga, wasema wahenga. Lakini mkazi wa Ongata Rongai atauliza nini kuhusu waraka asioweza kuusoma? Hubaki na tetesi, kisha huambiwa kwamba alishirikishwa. Katiba ya 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Mambo haya mawili hayatenganiki.

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakina istilahi. Tathmini, fidia, tuta, mtetemo, ushoroba wa wanyama: je, haya si maneno? Walimu na wawafunze wanafunzi kufupisha ripoti za aina hii darasani, badala ya insha za safari za kubuni tu.

Kila mradi wa reli uwe na muhtasari wa Kiswahili, ubandikwe sokoni na kwa chifu kabla ya mkutano. Anayekubali akubali akijua, na anayekataa akatae akijua.