Mtoto anaumwa sikio? Lichunguzwe kabla ya kutia dawa ya matone

MSIMU wa mpunga unapofika, familia nyingi za Bonde la Kilombero huhamia shambani kwa wiki kadhaa, kupalilia na kuamia ndege, mbali na zahanati. Mtoto akianza kulia usiku huku ameshika sikio, mzazi hutumia kilicho karibu: mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, maziwa ya mama, maji ya majani, au kichupa cha dawa ya matone kilichobaki alipougua mtoto mwingine.

Mafuta, maziwa na majani havitibu bakteria, na mafuta ya moto huunguza. Kichupa nacho kinahitaji tahadhari. Hiyo ni dawa kweli: katika sikio linaloihitaji huponya, katika sikio lisilostahili inaweza kuharibu usikivu.

Maumivu yaleyale, magonjwa tofauti

Bakteria wanaweza kushambulia tundu la nje la sikio. Hutokea zaidi kwa watoto wanaoogelea mtoni au kwenye madimbwi, au wanaochokonolewa masikio kwa njiti. Dalili yake kubwa ni kwamba mtoto hulia ukimvuta sikio, au ukibonyeza kinundu kilicho mbele ya tundu. Hapa matone hufika penye ugonjwa moja kwa moja, na ndiyo tiba kuu.

Wanaweza pia kushambulia nyuma ya ngoma ya sikio, mara nyingi baada ya mafua. Ngoma ikiwa nzima, matone ya kuua bakteria hayapiti. Mtoto huhitaji dawa ya maumivu kama paracetamol, na mhudumu akiona inafaa, dawa ya kumeza kama amoksilini, kwa kawaida siku 5.

Usaha ukizidi, ngoma hutoboka. Maumivu hupungua ghafla na usaha huanza kutoka, hivyo wazazi wengi hudhani mtoto amepona. Kumbe sasa njia ya kuingia ndani iko wazi. Baadhi ya matone, kwa mfano yenye jentamisini, yanaweza kupita hapo na kudhuru sehemu ya ndani inayotuwezesha kusikia. Kwa sikio linalotoa usaha kwa wiki 2 au zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kulikausha kila siku na kutumia matone ya kundi la siprofloksasini kwa wiki 2.

Kwa kutazama nje tu, mzazi hawezi kujua ngoma ikoje. Mhudumu huchungulia kwa kifaa chenye taa. Duka la dawa muhimu litakuuzia dawa uliyoandikiwa, lakini anza zahanati au kituo cha afya. Wakishindwa, watakupa rufaa, kama ile ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara.

Homa isifunike sikio

Bondeni kwetu, mtoto akichemka tu, mawazo yote huenda kwenye malaria. Ni sawa kupima, lakini kipimo cha malaria hakionyeshi hali ya sikio. Mtoto mdogo hawezi kusema linamuuma: hulia, hukataa kunyonya, hujivuta sikio. Mwambie mhudumu ulichoona, na omba sikio liangaliwe hata kama malaria imeonekana.

Kausha kwanza, kisha tia dawa

Matone yakitiwa juu ya usaha hayafiki yanapotakiwa. Ukiwa umeandikiwa dawa, fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Kama sikio linatoa usaha, sokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi. Kiingize taratibu, kitoe kikilowa, weka kingine, hadi sikio likauke. Usitumie njiti, unyoya wala vijiti vya pamba.
3. Shika kichupa kiganjani dakika chache kipate joto la mwili. Dawa ya baridi huleta kizunguzungu. Usikiweke kwenye moto.
4. Mlaze mtoto ubavu, sikio linaloumwa likiwa juu.
5. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, vuta sikio taratibu kuelekea chini na nyuma. Kwa mkubwa zaidi, vuta juu na nyuma.
6. Tia idadi ya matone uliyoandikiwa. Ncha ya kichupa isiguse sikio.
7. Bonyeza kile kinundu cha mbele mara chache, kisha abaki amelala dakika 3 hadi 5.

Maliza siku zote ulizoandikiwa, hata maumivu yakiisha siku ya pili. Maji yasiingie sikioni, kuogelea kusubiri. Usimpe mtoto mwingine kichupa hicho, wala usikihifadhi kwa ajili ya msimu ujao. Na kamwe usitie dawa ya sikio kwenye jicho, hata kama vichupa vinafanana.

Usingoje kukuche

Mpeleke mtoto kituoni haraka ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, shingo imekakamaa, uso umelegea upande mmoja, degedege, au usingizi usio wa kawaida. Fanya hivyo pia kama ana umri wa chini ya miezi 2. Akisikia sikio linaungua au kizunguzungu kikali baada ya kutiwa dawa, acha kuitia na urudi kituoni.

WHO inasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na maambukizi ya masikio ni mojawapo. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi nyumbani na mzito darasani, wakati tatizo ni usaha uliozoeleka.

Kwa hiyo kabla hujaondoka kituoni, uliza mambo matatu: Je, ngoma ya sikio imetoboka? Dawa hii inafaa kwa hali hiyo? Nimrudishe lini aangaliwe tena? Usipopata jibu la la kwanza, usitie tone hata moja.