Mtumishi wa Umma Arudipo Darasani
Sera za umma, yaani elimu ya jinsi serikali inavyochagua la kufanya, kuligharamia na kulipima, huwavuta ng'ambo watumishi waliokwisha kuonja kazi, kama Ellen Johnson Sirleaf, aliyehitimu uzamili Harvard mwaka 1971 baada ya kutumikia hazina ya Liberia. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza humtaka mnufaika arejee kwao kwa miaka 2, sharti la haki kabisa kwa Mkenya, kwani ujuzi wake unahitajika karibu na nyumbani: tangu mwaka 2013, ugatuzi ulipoyashusha madaraka ya serikali ya Kenya hadi kaunti, zahanati na mitaro ya mvua ya mtaa wa Mtopanga imo mikononi mwa Kaunti ya Mombasa. Anayerudi na ujuzi huo na apewe nafasi katika kupanga bajeti, asirejeshwe masijala kupokea barua.