Ijue tangawizi inayotoa shampuu kwenye ua lake

Ukisikia tangawizi unawaza chai. Lakini kuna tangawizi nyingine ambayo watu wa Hawaii wameitumia kuoshea nywele tangu enzi za mababu, na shampuu yenyewe inakaa ndani ya ua. Wao wanaiita awapuhi. Jina la kitaalamu ni Zingiber zerumbet.

Asili yake ni Asia. Wapolinesia ndio walioibeba kwenye mitumbwi walipohamia Hawaii, pamoja na magimbi, ndizi na miwa. Yaani waliihesabu kuwa mzigo wa lazima!

Mmea unafika mita 1 hadi 2. Ua halitokei juu kwenye majani, linachomoza pembeni kutoka ardhini, kwenye kikonyo chake, likiwa na umbo la gunzi fupi lenye vigamba. Mwanzoni ni la kijani, baadaye linageuka jekundu. Hapo sasa lishike ulikamue: yanatoka maji safi, yananukia na yanateleza kama mlenda. Wengine wanapaka na kusuuza, wengine wanayaacha kichwani. Usitegemee povu kama la dukani, na kama ngozi yako ni nyepesi, jaribu kwanza kidogo mkononi.

Siku hizi jina awapuhi lipo kwenye chupa za shampuu za Marekani. Kabla hujalipa, geuza chupa usome viambato. Kinachotangulia ndicho kingi, kwa hiyo ukikuta mmea umeandikwa karibu na mwisho, umenunua zaidi jina.

Mizizi yake ni michungu kuliko ya tangawizi ya jikoni. Hawaii waliikausha, wakaisaga na kuiweka katikati ya nguo walizohifadhi ili zinukie. Majani yaliingia kwenye tanuri la shimoni kuipa nyama ladha. Indonesia wanaiita lempuyang na wanaitia kwenye dawa zao za asili.

Sasa hili la saratani. Mizizi ina kemikali inayoitwa zerumboni, ambayo kwenye maabara imeonekana kuzuia seli za saratani kukua. Ni kweli, ila seli kwenye kisahani sio mgonjwa kitandani. Hakuna dawa ya saratani iliyoidhinishwa kutokana na mmea huu. Ukiletewa unga wake kwa bei kubwa eti unatibu, usikubali mgonjwa wako aache dawa za hospitali kwa ajili hiyo.

Ukitaka kuipanda kwa urembo, kipande cha mzizi chenye jicho kinatosha. Ipe kivuli kiasi, na udongo wenye unyevu usiotuamisha maji. Ukame au baridi ikija, majani yatanyauka yote. Usiing'oe, mzizi umelala tu, mvua zikirudi utachipua.