Gari kuukuu likigoma Voi, lisikilize kabla hujatoa pesa

Saa kumi na mbili asubuhi, uko Voi. Nyanya ameshaketi kiti cha nyuma na leso yake, leo ana kliniki, na ni wewe uliyejitolea kumfikisha kwa ile Corolla kuukuu ya mjomba. Unazungusha ufunguo. Tik. Unazungusha tena. Tik. Kabla hujashuka, watu watatu wamezunguka boneti. Wa kwanza anasema betri, wa pili anaapa ni stata, wa tatu anauliza una ngapi kwa M-Pesa.

Tulia kwanza. Mpandishe nyanya matatu asikose foleni, halafu urudi.

Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo ukiziangalia. Zikififia au kuzima, umeme hautoshi: shida iko kwa betri au nyaya zake. Zikibaki kali na usikie tik moja nzito, shuku stata. Ikiwa gari ni la otomatiki na kuko kimya kabisa, peleka gia kwa N ujaribu tena. Usicheke, kuna watu wameitisha breki dauni kwa sababu ya hilo tu.

Wengi wetu hudhani betri huuawa na baridi, kwa hivyo hapa Voi tuko salama. Si kweli. Joto ndilo huila betri polepole, hukausha maji yake na kuchosha sahani za ndani. Baridi huja tu kufichua. Ndiyo maana gari linalowaka kwa shida hapa chini linaweza kugoma kabisa ukilala nalo Wundanyi.

Lakini usikimbilie kununua mpya. Mimi nilikimbilia. Nililipa pesa ya betri nzima, na kesho yake asubuhi, tik ile ile. Fundi mmoja mzee njia ya Mwatate alishika tamino ya hasi, ikacheza mkononi mwake kama jino bovu. Akakwangua ule unga mweupe, akakaza kwa spana namba kumi, gari likawaka. Hata dakika tano hazikuisha, na hakutaka pesa. Aibu niliyosikia, bana!

Ukipata mtu mwenye mita, mwombe apime kabla ya kuwasha. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6. Ikisoma 12 kushuka, imeisha chaji. Injini ikiwaka inafaa ipande hadi karibu 14. Isipopanda, altaneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa vilevile.

Je, injini inazunguka vizuri ila haishiki? Hapo betri na stata ziache. Tafuta petroli na cheche. Kama gari lina pampu ya umeme, fungua ufunguo bila kuwasha, usikilize nyuma: pampu huvuma sekunde mbili hivi. Kimya? Angalia fyuzi yake kwanza. Na geji ya mafuta ya gari la zamani usiiamini hata kidogo. Ukisikia harufu kali ya petroli, plagi zimelowa, ngoja kidogo. Lakini injini ikizunguka nyepesi na haraka kuliko kawaida, acha mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kila jaribio linaweza kupinda valvu.

Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono tu: gia ya pili, klachi chini, likishika mwendo achilia. La otomatiki mtasukuma hadi Mwatate bure.

Jambo lingine, ukipita Maktau kuelekea Taveta barabara inakatiza mbuga ya Tsavo Magharibi. Gari la aina hii usilizime huko ati unapiga picha ya ndovu. Likikataa kuwaka, hutashuka kusukuma. Utakaa ndani na madirisha juu, hadi lori lipite.