Chumba Kimoja na Mraibu wa Pombe

Wapo wazazi Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wanaomhangaikia kijana wao apate kazi Qatar kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mshahara. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini: huko hakuna pombe, ataacha atake asitake. Ukifika Al Wukair, mji uliopanuka haraka kusini mwa Doha ndani ya manispaa ya Al Wakrah, utadhani wazazi hao wamekisia vizuri. Hakuna baa wala kilabu. Ukitoka jioni kwenye nyumba za kampuni ya Ezdan unakuta migahawa, maduka ya simu, vinyozi na misikiti.

Lakini pombe ipo Qatar, ila ina milango yake. Qatar Distribution Company, kampuni iliyo chini ya Qatar Airways, huiuza kwa mwenye kibali, na kibali hutaka barua ya mwajiri inayotaja mshahara. Hoteli kubwa zina baa. Tangu Januari 2019 pombe inatozwa ushuru wa asilimia 100, na kuingia nayo nchini kupitia uwanja wa ndege ni marufuku. Mlinzi au mfanya usafi wa kima cha chini, riali 1,000 kwa mwezi tangu Machi 2021, hafikii kibali hicho, na bia moja ya hotelini humlia mshahara wa siku nzima.

Anayekunywa kwa starehe akikuta milango hiyo imefungwa hununua soda akaenda zake. Mraibu hawezi. Atakopa, atamtafuta mwenye kibali amuuzie kwa magendo, na akikosa hapo ataangukia pombe inayopikwa vyumbani, ile ambayo sehemu za Ghuba huitwa sadiqi. Hatari yake haina tofauti na ya chang'aa au gongo iliyochanganywa: methanoli. Mwezi Agosti 2025 nchini Kuwait pombe ya aina hiyo iliua watu 23 na kuwadhuru wengine zaidi ya mia, baadhi yao wakapofuka. Kenya inaijua hadithi hii vizuri. Februari 2024 ilitokea Kirinyaga. Methanoli haionyeshi makali yake papo hapo. Mtu hulewa, hulala, na saa kumi na mbili au zaidi baadaye ndipo anapolalamika kwamba haoni vizuri, kichwa kinapasuka na pumzi zinakwenda mbio. Mwenzako akikuambia asubuhi kwamba macho yana ukungu, huo si uchovu wa jana. Ni safari ya hospitali, sasa hivi.

Ukali wa nchi, basi, haumtibu mraibu. Hubadilisha tu mahali hatari ilipo, na kumfanya anayelala kitanda cha pili kuwa mtu muhimu kuliko daktari yeyote, maana yeye ndiye anayeona. Sura hii ni yake: mwenza wa chumba, binamu, mke aliyekuja kwa viza ya familia, au mke aliyebaki Tanga anayesikia sauti tu kwenye simu.

Aanze kwa kuelewa arosto ya pombe, yaani hali inayompata mraibu pombe ikikatika, kwa sababu hapo ndipo wasaidizi wenye nia njema hufanya madhara makubwa. Pombe huongeza nguvu ya kemikali ya ubongo inayotuliza, GABA, na kuibana ile inayochochea, glutamati. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha: hupunguza utulizaji wake wenyewe na kuongeza uchocheaji ili uweze kufanya kazi ndani ya ulevi. Ni watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Mmoja akiachia ghafla, mwingine huanguka kifudifudi. Ndiyo maana mraibu hutetemeka asubuhi na kutulia akizimua. Hazimui kwa uroho. Anarudisha mkono wa upande wa pili wa mlango.

Akikatiwa ghafla, saa sita hadi ishirini na nne za kwanza huleta kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Degedege, ikija, huja zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wachache huingia katika hali mbaya kuliko zote: homa, moyo kwenda mbio, kuona wadudu ukutani, kuzungumza na watu wasiokuwepo. Chumbani watasema amepandwa na majini na watamsomea. Dua ni jambo jema, ila hali hii huua, na inatibika. Hospitalini hupewa dawa za jamii ya diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ya sindano, ambayo hutakiwa itangulie dripu ya sukari; mlevi wa muda mrefu huwa na upungufu wake, na sukari peke yake inaweza kuuumiza ubongo ambao tayari una njaa ya vitamini hiyo.

Sasa fikiria ni lini pombe hukatika ghafla Al Wukair. Mwezi wa Ramadhani, duka la vibali linapofungwa na baa za hoteli kusimamisha mauzo. Mshahara unapochelewa. Mtu anapohamishiwa kambi nyingine au kushikwa na polisi. Na siku ile rafiki anapochoka, anapozikusanya chupa zote na kuzimwaga kwenye sinki, kitendo ambacho kwetu husifiwa kuwa cha kiume. Kwa anayekunywa wikiendi, mwaga. Kwa mtu anayetetemeka kila asubuhi, kumwaga bila daktari ni kumsukuma kwenye degedege. Huyo asiache peke yake chumbani. Aache mikononi mwa wauguzi.

Unamtambuaje wa namna hiyo? Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha maswali kumi kiitwacho AUDIT, kilichofanyiwa utafiti katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Huuliza anakunywa mara ngapi na kiasi gani, kama hushindwa kuacha akishaanza, kama huhitaji glasi ya asubuhi, kama husahau ya usiku uliopita, kama kuna mtu amewahi kumsihi apunguze. Mwenza wa chumba anayajua majibu mengi kabla hajauliza. Swali la glasi ya asubuhi ndilo la kulitazama kuliko yote.

Kinachozuia watu kupiga simu ni hofu, na hofu hiyo ina msingi. Kanuni ya Adhabu ya Qatar ya 2004 inaadhibu ulevi wa hadharani kwa kifungo cha hadi miezi sita au faini ya hadi riali 3,000, na kwa Mwislamu inataja viboko. Juu yake kuna aibu, na kwa Waislamu wa pwani yetu aibu hiyo huuma kuliko sheria. Kwa hiyo wenzake humficha. Humfunika blanketi, humpa maji ya chumvi na kusubiri. Mimi naona hesabu hiyo ni mbovu. Mgonjwa mwenye degedege anahitaji gari la wagonjwa la namba 999 na idara ya dharura, na Hospitali ya Al Wakrah ipo jirani. Ukifika, sema kweli: anakunywa nini, kiasi gani, lini mara ya mwisho. Ukisema ana malaria, daktari atapoteza saa nzima akitafuta malaria kwa mtu aliyetoka Afrika Mashariki.

Kwa mazungumzo yasiyo ya dharura ipo simu ya afya ya akili, 16000, iliyoanzishwa 2020 wakati wa korona, na Doha kuna kituo cha Naufar kinachotibu uraibu kwa waliolazwa na wanaotoka nyumbani. Gharama na bima ulizia mapema, kabla hujamwahidi mtu kitu.

Tatizo ni kumfikisha huko. Hapa sayansi ina habari njema ambayo wengi hawajaisikia. Robert Meyers na wenzake kule New Mexico walitengeneza mafunzo ya familia yanayojulikana kwa kifupi cha CRAFT. Mwaka 1999 walichapisha utafiti uliohusisha jamaa 130 wa wanywaji waliokataa tiba. Kundi moja liliandaliwa kwa kikao cha ghafla cha ukoo kumkabili mlevi, jambo linalofanana na vikao vyetu vya wazee, na asilimia 30 ya wanywaji wao waliingia tiba. Kundi lililofuata njia ya Al-Anon, chama cha jamaa wa walevi, ya jamaa kujitunza na kukubali kwamba hawawezi kumbadilisha mlevi, lilipata asilimia 13. Kundi la CRAFT lilipata 64.

Walifundishwa nini? Kwanza, kuyafanya masaa ya kutokunywa yawe matamu. Asipokunywa, mpike pamoja, muangalie mpira, mpige simu kwa mama. Akilewa, usigombane naye wala usimchekeshe; toka, kalale, acha chumba kiwe kimya. Pili, kuacha kumsafishia uchafu. Tatu, kuzungumza kwa ufupi, wakati yuko mzima, na kuwa na miadi mkononi. Kwa mfano:

“Kaka, jana hukugusa, na asubuhi tumekwenda kazini pamoja. Nimefurahi. Juzi ulipozidiwa niliogopa, nikadhani nitampigia shemeji simu ya msiba. Alhamisi mchana niko huru, na nimeshapata nafasi kwa daktari. Twende wote?”

Hakuna neno mlevi humo, wala hesabu ya makosa ya miaka mitano. Akikataa, jibu ni “sawa, nitakuuliza tena,” na kweli umuulize tena. Kukubali huja kwa dirisha dogo: asubuhi baada ya aibu, siku mtoto anapozaliwa nyumbani, siku meneja anapomtazama vibaya. Asiye na miadi tayari hulikosa dirisha hilo.

Ila vitabu vya Marekani havikuandikwa kwa mtu wa Al Wukair. Ushauri wa kumwacha mlevi aonje matokeo ya ulevi wake unamhusu mtu ambaye akifukuzwa kazi hubaki nchini mwake. Hapa kazi imeshikana na ukaazi, mara nyingi na kitanda pia. Ukiacha kumtetea kwa msimamizi hata mara moja, huenda umemkatia tiketi ya kurudi akiwa na deni la wakala. Kwa hiyo chagua matokeo. Matapishi ayasafishe mwenyewe. Pesa alizolewea asikopeshwe upya na chama. Amweleze mkewe kwa kinywa chake. Usimfanyie zamu kila wiki. Lakini kumpa saa moja alale kabla ya kuonekana na bosi, siku moja kati ya nyingi, si kumharibu. Hapo busara ni yako, na hakuna profesa wa New Mexico atakayekuamulia.

Kuna mpaka mmoja usio na mjadala. Akiwa dereva, na wengi wetu huko ni madereva, funguo zisishikwe na mkono uliokunywa. Kama huwezi kumzuia, mwambie msimamizi, hata urafiki uvunjike. Vivyo hivyo akianza kupiga: toka kwanza, mengine baadaye.

Halafu kuna simu kutoka nyumbani. “Shemeji, mwenzangu anaendeleaje? Hapokei.” Na jibu la kawaida ni: yuko salama, tunamshukuru Mungu. Uongo huo humfanya mke apange maisha juu ya pesa isiyokuja. Kumwaga siri yote nako humpotezea mgonjwa mtu pekee anayemwamini. Kubalianeni naye akiwa mzima: “Akiniuliza tena nitamwambia unaumwa na unahitaji tiba, au utamwambia wewe?” Wengi huchagua kusema wenyewe wakijua saa imewekwa.

Mke akishajua, mara nyingi huja na dawa ya kumwekea kwenye chai. Kataa. Disulfiramu, ambayo Wadenmaki walianza kuitumia kutibu ulevi mwishoni mwa miaka ya 1940, humfanya anayekunywa juu yake atapike, moyo uende mbio na presha ishuke. Asiyejua kwamba ameimeza anaweza kufa. Huko ni kumtegea mtu sumu, hata kama nia ni mapenzi. Zipo dawa nyingine zinazopunguza hamu: naltreksoni na akamprosati, zilizoingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2023. Hutolewa na daktari, mgonjwa akiwa amekubali.

Nawe msaidizi una mwili. Kama umeacha kulala, kama unanusa vikombe vyake usiku, omba kuhamia chumba kingine kwa muda. Hilo ndilo Al-Anon, iliyoanzishwa 1951 na Lois Wilson, mke wa mmoja wa waasisi wa AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, ilikuwa sahihi kulisema mapema, hata kama takwimu za kumfikisha mlevi kwa daktari haziko upande wake.

Jaribio kubwa huja kwenye likizo. Mtu ametibiwa, amekaa miezi bila kugusa, anatua Nairobi au Dar es Salaam na mfuko wa miaka miwili ya jasho. Vijana wa mtaa wanamsubiri na kreti. Kurudia kunywa ni jambo la kawaida katika maradhi haya, na hutokea zaidi pale mtu anapokuwa na pesa, furaha na watu wa zamani kwa pamoja. Mipango ifanywe kabla ya tiketi: nani atampokea, asiwe yule wa kreti, atalala wapi usiku wa kwanza, pesa zikae kwa nani. Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, 1192. Tanzania aulize hospitali ya mkoa au Mirembe, Dodoma. Na kama anatumia naltreksoni, aombe ya kutosha likizo nzima pamoja na barua ya daktari, maana si kila duka la dawa la Kisii au Singida linayo.