Beji Isiyokinga

Msomaji ameniuliza: ile beji anayovaa kifuani mpiga eksirei humkinga na nini? Haimkingi na chochote, ndugu yangu. Kukinga ni kazi ya umbali, ukuta na aproni ya risasi, na hayo leo nayaruka. Beji kazi yake ni kukumbuka.

Ndani yake mna kipande cha floridi ya lithiamu, kidogo kuliko punje ya hindi. Fuwele safi ni kama lami mpya: mvua ya usiku hunyesha ikapita, asubuhi huoni dalili. Kwa hiyo mafundi huiharibu makusudi. Huitia chembe za magnesiamu, lami ikaota mashimo. Mionzi ikipiga, elektroni hutimuliwa makwao, na baadhi hutumbukia mashimoni zikatuama. Vidimbwi vya juujuu hukauka upesi. Vyenye kina hukaa miezi, vikingojea maabara. Kwa Tanzania, huduma ya kusoma beji hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomi, yenye maabara Arusha. Pale kipande hupashwa moto. Joto likipita digrii 200, hata madimbwi ya kina hukauka, ila badala ya mvuke hutoka mwanga hafifu, na mashine huupima. Mwanga ukizidi, ujue mvua ilikuwa kubwa. Barabara ikishakauka kabisa, kipande hurudi kazini.

Wataalamu huita jambo hili thamoluminesensi. Ukisema "mng'ao wa joto" umepotosha: king'aacho kwa joto ni chuma cha mhunzi. Hapa joto hufungua mlango tu. Kilichomo kiliwekwa zamani. Mimi nasema *mwanga-akiba*, na anayetaka ugomvi aje.

Mapema miaka ya 1950, fuwele za namna hii kutoka maabara ya mkemia Farrington Daniels, Wisconsin, zilipelekwa Oak Ridge, Marekani. Mgonjwa wa saratani aliyetibiwa kwa iodini yenye mionzi alizimeza, kisha zikasubiriwa zitoke kwa njia unayoijua, ili zieleze mvua iliyonyesha tumboni.

Kinachosomwa kwenye beji hulinganishwa na mpaka wa kimataifa wa mionzi kwa mfanyakazi, nao ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Macho na ujauzito vina hesabu zake. Lakini beji haina miguu. Mwenyewe akiisahau kwenye droo, maabara itapima droo.